Gereji ya Wasomaji: Uzito wa Oili kwa Pikapu ya Mizigo

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki Toyota Hilux ya mwaka 2010 yenye injini ya dizeli ya 2KD, ambayo imeshatembea kilomita 280,000. Hupakia viazi Njombe na kuvishusha Morogoro, na wakati wa kurudi hubeba bidhaa za dukani. Fundi wangu hunitilia oili ya 40, ile ambayo galoni yake haina namba nyingine. Muuzaji wa vipuri ananishauri nihamie 5W-30 ya sintetiki kwa madai kwamba ndiyo ya kisasa na kwamba bila hiyo gari litanisumbua asubuhi za baridi. Dereva mwenzangu naye anashikilia kuwa nitumie 20W-50, kwa sababu nikimaliza kupanda mlima wa Kitonga na kusimama, taa nyekundu ya oili humulika na kuzimika mpaka nikanyage mafuta. Nimfuate nani kati ya hawa watatu? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Ndugu msomaji, barua yako ina maswali mawili, na lile ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni nyongeza tu ndilo la dharura. Taa ya oili inayomulika injini ikiwa ya moto haitibiwi kwa kubadilisha namba ya oili. Nitalifikia jambo hilo baada ya kujibu lile ulilouliza waziwazi.

Namba zilizoandikwa kwenye galoni hufuata kipimo cha SAE (chama cha wahandisi wa magari) kiitwacho J300. Namba isiyo na herufi, yaani 30, 40 au 50, hueleza mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka, ikiwa imeshapata moto wa kazi, na hupimwa kwenye nyuzijoto 100: oili ya 30 huwa kati ya sentistoki (kizio cha mnato) 9.3 na 12.5, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, na ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Namba inayofuatwa na herufi W hueleza tabia ya oili wakati wa baridi, nayo hupimwa kwenye baridi ambayo hata nyanda za juu za Kitulo hazijui. Oili ya 15W hupimwa kama itairuhusu stata kuizungusha injini kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri, ya 10W kwenye 25 chini ya sifuri, na ya 5W kwenye 30 chini ya sifuri. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia kwamba bila 5W injini yako haitawaka asubuhi za Julai anakutisha bure.

Hata hivyo, baridi ya nyanda za juu si jambo la kupuuzwa kabisa. Oili iliyolala usiku kucha kwenye nyuzijoto 5 huwa nzito kupita anavyodhani mtu aliyezoea kuiona ikimwagwa ya moto gereji. Oili ya kawaida ya 15W-40 ambayo ina sentistoki 14.5 ikiwa ya moto hufikia karibu 900 katika baridi hiyo, wakati 5W-30 ya kawaida huwa chini ya nusu ya hapo. Oili ya 40 tupu, anayoipenda fundi wako, hukaribia mara mbili ya ile 15W-40, kwa sababu haikuongezewa viambato vinavyoizuia isigande ikipoa na isilegee ikipata moto. Ukipeleka chupa ya mafuta ya nazi kutoka joto la Tanga hadi baridi ya Makete utaelewa ninachosema. Katika sekunde za kwanza baada ya kuwasha, wakati oili hiyo inajikokota kutoka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) kwenda juu kwenye kemshafti na kwenye tabo (turbo), vyuma hutegemea utando mwembamba tu uliobaki tangu jana. Injini za zamani zisizo na tabo zilivumilia desturi hiyo. Injini yako ina tabo ambayo mhimili wake huelea ndani ya oili, na kuisubirisha kila asubuhi ni kuifupishia maisha. Fundi wako, basi, hayuko sahihi, ingawa nia yake ya kutaka oili inayokaza moto inaeleweka.

Upande wa moto ndio wenye uzito zaidi kwa kazi yako. Ndani ya beringi za krenkshafti, chuma hakitakiwi kugusana na chuma. Mzunguko wenyewe huvuta oili na kujenga utando unaobeba mzigo. Unene wa utando huo hutegemea mambo matatu: mnato wa oili, kasi ya mzunguko na mzigo unaobebwa. Gari tupu linalokimbia tambarare huwa na kasi ya kutosha na mzigo mdogo, hivyo hata oili nyepesi hufanya kazi yake vizuri. Pikapu yenye tani moja mgongoni, inayopanda Kitonga kwa gia ya pili jua la saa nane likiwaka, huwa na mzigo mkubwa wakati mzunguko umeshuka, na oili yenyewe imekwisha kuvuka nyuzijoto 100. Ile 15W-40 ya sentistoki 14.5 ikipanda hadi nyuzijoto 110 hushuka mpaka karibu 11.5, yaani imeshaingia ndani ya mipaka ya oili ya 30. Ukianza safari na oili ya 30 tangu mwanzo, mahali hapo hapo utakuwa umeshuka ngazi nyingine.

Kipo pia kipimo kisichoandikwa mbele ya galoni, nacho ni mnato kwenye nyuzijoto 150 huku oili ikisagwa kwa kasi kubwa, hali inayofanana na ile ya ndani ya beringi. Kwa mujibu wa J300, oili ya 5W-30 haitakiwi kushuka chini ya milipaskali-sekunde 2.9 katika kipimo hicho, na 15W-40 haitakiwi kushuka chini ya 3.7. Zipo oili za 5W-30 zilizotengenezwa kwa makusudi ziwe na nguvu zaidi, ambazo huandikwa ACEA A3/B4 (daraja la watengenezaji magari wa Ulaya) na hazishuki chini ya 3.5, lakini muuzaji anayesema tu kwamba oili ni sintetiki hajakuambia kama ni mojawapo ya hizo. Usintetiki hueleza jinsi oili ilivyotengenezwa na husaidia isichakae upesi; hauelezi unene wa utando.

Fungua kitabu cha gari lako. Ukurasa wa oili huwa na mchoro wa mistari unaoonyesha kila namba na kiwango cha joto la nje inakoruhusiwa, na utaona kwamba mtengenezaji ameruhusu zaidi ya namba moja. Hii ndiyo sababu mabishano ya gereji hayaishi: kila mmoja anaweza kuwa na namba iliyomo kwenye mchoro. Ushauri wangu, kwa injini yenye umri huo na kwa njia hiyo unayopita, ni 15W-40. Ukiona kwamba siku nyingi gari linalala sehemu za juu zaidi, kama Makete, na unaipata 10W-40 ya dizeli kwa bei isiyokuumiza, itumie hiyo. Kwenye moto zote mbili ni za daraja la 40, na kwenye baridi hiyo ya pili huwahi kufika juu.

Nimesema ya dizeli kwa sababu wengi hununua namba wakasahau herufi. Nyuma ya galoni pana daraja la API (taasisi ya petroli ya Marekani): herufi zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. Daraja la CF-4 lilianza mwaka 1990 na limekwisha kustaafishwa na API, ingawa galoni zake bado zimejaa madukani. CI-4 lilianza mwaka 2002, na CK-4 mwishoni mwa mwaka 2016. Oili ya kisasa ya dizeli hubeba masizi bila kuyaacha yagandamane, na hubeba dawa ya kupambana na asidi inayotokana na salfa ya mafuta. Kwa bahati nzuri dizeli rasmi ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishushwa hadi sehemu 50 za salfa kwa milioni kuanzia mwaka 2015, kwa hiyo asidi si tishio kubwa kama zamani. Masizi bado yapo. Kwa gari lako nisingenunua chini ya CI-4. Kama nalazimishwa kuchagua kati ya 15W-40 ya CF-4 na 10W-30 ya CI-4, nitaichukua ya pili bila kusitasita, hata kama namba yake inaonekana nyepesi.

Sasa turudi kwenye taa. Taa nyekundu huwaka presha ya oili inaposhuka chini ya kiwango ambacho swichi yake imewekewa. Injini ikiwa ya moto na ikinguruma taratibu, pampu huzunguka polepole na oili imelegea. Ndipo udhaifu wowote hujitokeza. Ukitia 20W-50 taa inaweza kuacha kumulika, kwa kuwa oili nzito huongeza presha pale swichi inapopimia. Lakini presha ni ukinzani tu. Oili nzito inayovutwa kwa shida haimaanishi kwamba beringi ya mwisho inapata oili ya kutosha, na dereva mwenzako atakuwa amekusaidia kumnyamazisha shahidi, si kumkamata mwizi.

Injini za 2KD na ndugu yake 1KD zina ugonjwa unaojulikana sana kwa mafundi wa dizeli. Chini ya kila nozeli ipo washa ya shaba inayoziba gesi ya mwako isipande. Washa hiyo ikichoka, gesi chafu hupenya ubavuni mwa nozeli na kuingia chini ya tapeti kava, ambako hukutana na oili. Masizi hayo hugeuka kuwa magamba magumu meusi yanayoteremka hadi kwenye sampo na kuziba wavu wa bomba linalovuta oili. Kwa nje injini huonekana nzima. Oili kwenye kijiti cha kupimia imejaa, filta ni mpya, lakini pampu inanyonya kupitia matundu machache yaliyobaki. Dalili ya kwanza huwa ni hiyo hiyo uliyoieleza, na ya mwisho ni krenkshafti iliyounguzwa.

Kwa hiyo kabla ya safari nyingine ya mzigo, mwombe fundi afanye mambo haya kwa mpangilio. Afungue swichi ya presha na kufunga mita ya mkono mahali pake, asome presha injini ikiwa ya moto, alinganishe na kitabu cha ufundi. Huenda swichi yenyewe ndiyo mbovu, na hilo ndilo la bei nafuu kuliko yote. Kama presha ni ndogo kweli, ashushe sampo ya chini na kuutazama wavu kwa tochi. Akikuta magamba meusi, kuusafisha wavu peke yake ni nusu ya kazi, kwa kuwa chanzo kiko juu: afungue tapeti kava, atazame lami nyeusi iliyoganda kuzunguka nozeli, na kubadilisha washa zote nne. Nozeli ikishatolewa, washa yake ya zamani hairudishwi, hata kama inaonekana nzuri. Kama wavu ni safi na presha bado ni ndogo, basi pampu au beringi zimechoka, na hapo mtazungumza habari ya kufungua injini.

Baada ya matengenezo hayo, mwaga oili ya kwanza mapema, kwenye kilomita 1,000 hivi, ili ioshe uchafu uliobaki. Kuanzia hapo, kwa gari linalobeba mzigo na kupanda milima, usizidi kilomita 5,000. Injini hii huchukua karibu lita 7 pamoja na filta, kwa hiyo galoni moja ya lita 5 haitoshi. Wapo wanaotia hiyo moja na kuondoka.

SWALI: Nina Ford Ranger ya 2.2 ya mwaka 2014. Kitabu kinasema 5W-30, lakini katika gereji ninayoitumia wamezoea kutia 15W-40 kwa pikapu zote za dizeli, na wanasema Ranger ni dizeli kama nyingine. Baada ya kusoma ushauri wenu wa nyuma kuhusu mizigo mizito, nimeanza kufikiri kwamba huenda wako sahihi. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hawako sahihi kwa gari lako. Niliyomwambia msomaji wa Njombe yanahusu injini ambayo mtengenezaji wake aliruhusu namba kadhaa. Injini ya Ranger yako ilisanifiwa kwa oili ya 5W-30 yenye kibali cha Ford kinachoandikwa WSS-M2C913, kikifuatwa na herufi C au D, na pampu yake ya oili hujirekebisha kiasi inachosukuma kulingana na mahitaji. Kuibadilishia mnato ni kuiingilia hesabu yake. Tafuta maandishi hayo ya kibali nyuma ya galoni; 5W-30 isiyo nayo huenda ni ya petroli au ya gari lingine kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo linanipa wasiwasi zaidi katika gereji inayoona dizeli zote ni sawa. Katika injini hizi za Ranger, za 2.2 na za 3.2, Ford imeonya kwamba oili isiachwe ikichuruzika kwa zaidi ya dakika 10 wakati wa kubadilishwa. Pampu ikikauka, inaweza kushindwa kuvuta tena oili injini inapowashwa, na injini ikazunguka kavu mpaka ikafa. Desturi ya kufungua nati ya sampo, kwenda kunywa chai na kurudi baada ya nusu saa ili oili itoke yote, ambayo kwa magari mengine haina madhara, hapa ni hatari. Andaa oili na filta mpya karibu kabla nati haijafunguliwa, simama hapo hapo, na ukiwasha hakikisha taa ya oili imezimika mara moja. Isipozimika, zima gari.

SWALI: Nimeagiza Hilux ya 2.4 iliyotumika kutoka Uingereza. Imeandikwa kwamba ina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Je, naweza kutumia oili nzuri ya CI-4 ya 15W-40 kama nilivyotumia kwenye Hilux yangu ya zamani? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Usitumie. Kwa gari lako tatizo si mnato peke yake, ni majivu. Oili kidogo huungua katika kila injini, na madini yaliyomo ndani yake hubaki kuwa majivu. Masizi yaliyonaswa na chujio huchomwa gari likiwa barabarani, lakini majivu hayaungui; hukaa humo na kulijaza kidogo kidogo. CI-4 iliruhusiwa kuwa na madini mengi kwa kuwa ilitungwa kabla ya machujio hayo kuenea. Unachotakiwa kutafuta ni oili yenye majivu kidogo, iliyoandikwa JASO DL-1 (daraja la Kijapani) au daraja la ACEA linaloanza na herufi C, kwa namba iliyotajwa kwenye kitabu, ambayo kwa injini hizi huwa nyepesi, kama 0W-30 au 5W-30. Ni ghali zaidi, nakubali, lakini linganisha bei yake na ya chujio jipya.

Na kama ni mtu wa safari fupi za mjini, jenga mazoea ya kutazama kijiti cha oili. Katika baadhi ya injini zenye chujio, dizeli inayopulizwa ili kuchoma masizi huteremka hadi kwenye sampo ikiwa safari hukatishwa kila mara, na kimo cha oili hupanda badala ya kushuka. Oili iliyochanganyika na dizeli huwa imepoteza mnato wake hata kama ina wiki mbili tu. Kimo kikivuka alama ya juu, imwagwe bila kusubiri kilomita.

SWALI: Pikapu yangu ni Hilux ya zamani yenye injini ya 3L. Inakula oili karibu lita moja kila kilomita 1,000. Mafundi wote wanasema nitie 20W-50. Nyinyi mnasemaje? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Tieni. Injini ya 3L haina tabo, ni ya kizazi kilichozoea oili nzito, na Unguja hakuna asubuhi ya baridi ya kuihofia. Nunua yenye daraja la dizeli, si ile ya pikipiki au ya petroli inayouzwa kwa namba hiyo hiyo.

Lakini uangalie moshi kabla ya kuridhika. Ukitoka moshi wa bluu kwa muda mfupi asubuhi unapowasha kisha ukakata, oili inapenya kwenye sili za valvu, na kazi hiyo si kubwa. Ukitoka mwingi unapokanyaga mafuta ukiwa na mzigo, na ukifungua kifuniko cha oili injini inapumua kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha. 20W-50 itakupunguzia matumizi kwa miezi kadhaa tu. Kama hakuna moshi kabisa, piga magoti utazame chini, kwenye sili ya nyuma ya krenkshafti, kwa kuwa huenda gari halili oili bali linaimwaga barabarani.

Kwa sasa pima kimo cha oili kila unapojaza mafuta, gari likiwa tambarare na limezimwa dakika kadhaa, na uongeze ya aina ile ile iliyomo. Ukiishiwa njiani na ukapata 15W-40 ya dizeli pekee, iongeze bila hofu, maana kuendesha na oili iliyopungua chini ya alama ni kubaya zaidi kuliko kuchanganya namba mbili.